Mdomo Uliokataa Kuamka: Hotuba kwa Madaktari Vijana wa Meno

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Dar es Salaam, mbele ya madaktari wa kinywa na meno, wanafunzi wa mwaka wa mwisho na mafundi wa maabara. Wengi mlikuwa zamu mkaniomba niyaweke yote. Picha za ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za asubuhi. Vijana mliojaa nyuma mpaka mlangoni, hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ina mambo yake.

Kabla sijasema lolote, naomba mtazame nilichoshika. Ni kichupa cha dawa, kile cha kioo chenye kizibo cha mpira. Ndani yake kuna kipandikizi kimoja, skrubu ndogo ya chuma cha titaniamu inayofungwa kwenye mfupa wa taya ili ishike jino la bandia, urefu wake milimita 11.5. Nilikiingiza mimi kwenye taya la mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, na kesho yake nikakitoa mimi mwenyewe. Aliniruhusu nibaki nacho, na aliniruhusu niwasimulie. Nitamfikia. Kwa sasa nakiweka hapa mezani.

Nimeombwa nizungumzie vipandikizi vya meno: kupanga, kupandikiza, na matatizo yake. Tumezoea kuyapanga mambo hayo matatu kama vituo vya daladala. Unapanda kwenye mpango, unapita kwenye upasuaji, na matatizo yanakusubiri mwisho wa gari. Siamini hivyo tena. Tatizo la kipandikizi, mara nyingi sana, limeshazaliwa kabla sindano ya ganzi haijachomwa. Linazaliwa kwenye picha tuliyoisoma mbio mbio. Linazaliwa kwenye swali ambalo hatukuuliza. Siku linapoonekana, limeshaota mizizi.

Nitaanzia katikati, siku ya kupandikiza yenyewe, kisha nirudi nyuma.

Mnakijua kisa cha Per-Ingvar Brånemark, lakini wengi mnakijua nusu. Mwaka 1952 Mswidi huyu alikuwa anachunguza jinsi damu inavyotembea ndani ya mfupa wa sungura. Alitumia kifaa kidogo cha titaniamu cha kuchungulia, akakipachika kwenye mfupa wa mguu. Utafiti ulipokwisha akataka kukichomoa. Kikagoma. Mfupa ulikuwa umekikumbatia, mfupa na chuma vimeshikana bila kitu katikati. Nusu hiyo kila mtu anaisimulia. Nusu ya pili ni kwamba hakukimbilia kinywani mwa binadamu. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na ambaye meno ya kuvua hayakumkalia, alipandikizwa mwaka 1965 mjini Gothenburg. Hesabuni wenyewe. Miaka 13! Na Larsson alipofariki mwaka 2006, vipandikizi vyake vilikuwa bado vinatafuna.

Sisi tunasafiri siku tatu kwenye mafunzo, tunarudi na cheti na boksi la vifaa, na Jumatatu tunapandikiza. Simlaumu mtu, nami nilianza hivyo. Lakini naomba mzipime siku tatu zile na miaka 13 ile.

Brånemark alichojifunza kwa sungura ni kwamba mfupa ni kitu hai, na kitu hai hakipendi kuunguzwa. Mwaka 1983 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu, unaumia kiasi cha kushindwa kushika chuma. Nyuzi 47! Chai iliyoko kwenye vikombe vyenu hapo ina moto kuliko huo. Sasa fikiria drili butu, kwenye mfupa mgumu wa mbele ya taya la chini, bila maji.

Nilimpandikiza seremala mmoja wa Keko. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi hii. Mambo yalikwenda vizuri, au niliona hivyo. Kipandikizi kimekaza, damu kidogo, nimefurahi. Yule baba akajifuta mdomo akaniambia, "Dokta, pale katikati nimesikia harufu. Kama mninga unapochanwa kwa msumeno butu."

Nikamwambia ni kawaida.

Haikuwa kawaida. Tulipokuwa tunasafisha chumba, nesi aliona mrija wa dripu umelaliwa na gurudumu la kiti changu. Maji hayakuwa yanafika kwenye drili. Yalikuwa yameacha kufika lini? Hakuna aliyejua, maana kinywani mlikuwa na mate na damu, na kila kitu kilionekana kimelowa. Yule seremala anaishi na harufu ya mbao inayoungua, ndiyo kazi yake. Aliyemkatalia kilichomo puani mwake ni mimi. Baada ya wiki nne alirudi na maumivu ya chini kwa chini, yale yasiyomlaza mtu lakini yasiyomwacha. Nikagusa kipandikizi kwa vidole viwili, kikazunguka. Tulikitoa, tukasafisha, tukauacha mfupa miezi minne ujirudishe, tukapandikiza upya kwa drili mpya na maji ya baridi yanayoonekana. Hicho cha pili anacho mpaka leo.

Tangu siku ile, msaidizi wangu kabla sijagusa mfupa ananiambia kwa sauti, "Maji yanatoka." Nisiposikia sentensi hiyo, sikanyagi pedali. Kila drili ina mstari wake kwenye daftari, imetumika mara ngapi. Ikifika kikomo cha aliyeitengeneza, inatupwa, hata kama macho yanaiona mpya. Sigandamizi drili. Naingia, natoka, naingia, natoka, maji yapate nafasi ya kupita. Na kwenye kukaza, vijana, nguvu nyingi si ushujaa. Kwa kazi nyingi newtoni sentimita 35 hivi zinatosha. Ukikaza mpaka mfupa ulie, umeubana hadi damu haipiti, na mfupa usiopata damu utakuaga kimya kimya.

Sasa turudi nyuma, kwenye mpango.

Anayejenga Kigamboni hamwagi zege kwa sababu tu ameona kiwanja kipo wazi. Anauliza nyumba itakaaje, mlango uelekee wapi, ndipo achimbe msingi. Kwa nini sisi tunachimba msingi kwanza? Tunatafuta mahali penye mfupa, tunapandikiza hapo, halafu tunamkabidhi fundi wa maabara kitu kilichoinama kuelekea ulimini tukisema, "Tengeneza jino." Mafundi mliomo humu, mnacheka kwa sababu mnaijua hiyo. Nimeona kofia ya jino iliyopinda kama mkono wa kikombe kwa sababu fundi aliitwa mwisho. Mwiteni mwanzo. Apange jino la nta kwenye umbo la taya la plasta, muone litakaa wapi, litagongana na lipi, ndipo mshuke kwenye mfupa kuuliza kama unakubali.

Vipimo mnavijua, nitavipita tu. Milimita 1.5 kutoka jino la jirani. Milimita 3 kati ya kipandikizi na kipandikizi. Milimita 2 juu ya mfereji wa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Kwa meno ya mbele, upande wa nje, jitahidini ubaki ukuta wa mfupa wa milimita 2, kwa sababu ukuta mwembamba huyeyuka, fizi ikashuka, na kijivu cha chuma kikaonekana mtu anapocheka. Na kumbukeni wagonjwa wetu wanakuja wakiwa wamechelewa. Jino liling'olewa zamani, maisha yakaendelea. Upana wa mfupa pale unaweza kupungua hadi nusu ndani ya mwaka mmoja baada ya kung'oa, na sehemu kubwa ya kupungua huko hutokea miezi mitatu ya kwanza. Kidole kinagusa fizi nene, kumbe ndani kuna mfupa mwembamba kama makali ya panga.

Lakini mpango si picha peke yake. Mpango ni maswali, na hapa lugha yetu yenyewe inatutega. Bibi mmoja alikuja na binti yake. Nikamuuliza tunavyouliza sote, "Bibi, kuna dawa yoyote unakunywa?" Akasema, "Hapana mwanangu." Nikaandika hapana. Tulipokuwa tunapanga tarehe, binti akasema wiki hiyo hawawezi, bibi ana sindano yake ya mifupa, ile ya kila miezi sita.

Mmeona? Nilimuuliza anachokunywa, na sindano hainywewi. Bibi alijibu kweli tupu. Sindano zile za kukaza mifupa, na baadhi ya zile wanazopewa wagonjwa wa saratani, zinaweza kumfanya mtu apate kufa kwa mfupa wa taya baada ya jeraha. Mgonjwa wa namna hiyo humpandikizi kabla hujazungumza na daktari wake, na wengine hawapandikizwi kabisa. Siku hizi nauliza hivi: unakunywa nini, unachomwa nini, unapaka nini, unatundikiwa nini. Kisha namuuliza aliyemsindikiza.

Na sukari. Usiridhike na kipimo cha kidole cha asubuhi ile. Mtu anaweza kufunga siku moja akakupendeza. Omba kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Mwenye kisukari kilichotulia mimi nampandikiza bila hofu. Ambaye kimemshinda, namwambia tukitulize kwanza, na anachukia, na namwacha achukie. Mvuta sigara namwambia ukweli kuhusu uponyaji wake kabla hajatoa hela. Kuna watu, ndugu zangu, ambao jibu lao sahihi ni meno ya kuvua yaliyotengenezwa vizuri, au daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani. Kumwambia hivyo mtu aliyekuja na fedha mkononi ni kazi ngumu, lakini ndiyo kazi.

Sasa mama wa vitenge.

Alikosa jino la kutafunia chini kushoto, alikuwa ameling'oa miaka mingi nyuma. Alicheza upatu na wenzake wa mtaa ule miezi kumi, zamu yake ikafika, akaja na fedha kwenye mfuko wa nailoni, zimefungwa kwa kipande cha kitenge. Nilikuwa na picha ya OPG, ile eksirei bapa inayoonyesha taya zima. Eksirei ya pande tatu ilikuwa inapatikana mjini, lakini ilikuwa hela nyingine juu ya hela, na nilimwonea huruma. Huruma ile ilimgharimu.

Nikachukua rula. Kutoka kilele cha mfupa mpaka paa la mfereji, kwenye picha, milimita 13.5. Nikatoa 2 za usalama, nikapata 11.5. Nikaagiza cha 11.5. Hesabu safi kabisa, sivyo? Nani humu ndani ameona kosa?

Picha ya OPG hukuza. Ile mashine ilikuwa inakuza kwa karibu asilimia 25. Gawanyeni 13.5 kwa 1.25. Mnapata 10.8. Mfupa wa kweli ulikuwa milimita 10.8, nami nilikuwa naingiza chuma cha 11.5. Zile milimita 2 za usalama nilizitoa kwenye namba isiyokuwepo. Na bado kuna ncha ya drili. Alama ya 11.5 kwenye drili haihesabu ile ncha kali ya mbele; kwa makampuni mengi inapita alama, wakati mwingine kwa milimita nzima. Imeandikwa kwenye kitabu cha vifaa. Sikuwa nimekisoma mpaka mwisho.

Nilimpandikiza Jumanne mchana. Hakuumia hata kidogo. Jioni sikumpigia simu.

Jumatano, saa mbili asubuhi, yeye ndiye akapiga. "Dokta, mdomo wangu haujaamka." Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema, "Nakunywa uji, unanichuruzika kidevuni, mimi sijui. Mwanangu ndiye ananiambia, mama futa."

Niwaeleze kilichonijia kichwani kwanza, maana nimekuja hapa kwa ajili ya hilo. Kilikuja uongo. Ulikuja umekamilika, mtamu, na wa kitaalamu: mama, ni uvimbe tu, tusubiri wiki moja tuone. Ulinifika mdomoni. Mngeuamini hata ninyi.

Nikampigia mwalimu wangu. Nikaanza kueleza kwa mafumbo. Akanikata, "Umelala saa ngapi huo mdomo?" Nikasema zinakaribia ishirini. Akasema, "Kwa nini sasa unaongea na mimi? Mwite mgonjwa."

Mama alikuja kwa bajaji. Nikachukua pamba nikamgusa kidevu huku amefumba macho, "Niambie unaposikia." Kushoto nagusa, kimya. Nagusa, kimya. Nikafika katikati ya kidevu akasema, "Hapo." Nikachora kwa kalamu ya wino mpaka wa sehemu iliyolala, kuanzia kona ya mdomo hadi chini ya taya, nikaupiga picha kwa ridhaa yake. Tukaenda kupiga ile eksirei ya pande tatu niliyoihurumia, safari hii kwa fedha yangu. Ncha ya kipandikizi ilikuwa ndani ya paa la mfereji, inaonekana bila kubishana.

Nikakaa naye. Nikamwambia, "Mama, nimepima vibaya. Chuma kimegusa mshipa wa fahamu wa mdomo. Nataka kukitoa sasa hivi." Akanitazama muda mrefu. Akauliza kitu kimoja, "Na fedha yangu ya upatu?" Nikamwambia ni deni langu. Nilikitoa kabla saa 30 hazijaisha. Nilimpa dawa ya kupunguza uvimbe wa mshipa baada ya kuhakikisha hana kisukari, maana dawa ile hupandisha sukari, pamoja na za maumivu.

Wiki ya tatu alisema anasikia sisimizi wanatembea kidevuni. Nilishukuru Mungu kwa wale sisimizi. Kila aliporudi nilichora mpaka upya, na kila mara ulikuwa umesogea. Mwezi wa tano kilibaki kiduara kama sarafu ya shilingi mia, na hicho kipo mpaka leo. Anajua kipo, nami najua kipo.

Wapo wenye bahati ndogo kuliko yake. Mshipa uliochanwa na drili haurudi kwa kutoa kipandikizi pekee, na mgonjwa ambaye ndani ya miezi mitatu hajaanza kusikia chochote anahitaji kuonwa na mpasuaji wa mishipa hiyo, asisubirishwe kwa maneno ya faraja. Lakini kwa kipandikizi kinachogandamiza, saa zina thamani. Saa 24, saa 36. Kwa hiyo piga simu jioni ile ile. Ganzi ya taya la chini inaisha ndani ya saa chache. Ukimpandikiza mtu mchana, saa mbili usiku uliza, "Mdomo umeamka?" Ni simu ya dakika moja.

Kuna jambo lingine nililoligundua nilipofungua faili lake. Fomu ya ridhaa ilitaja ganzi ya kudumu, mstari wa nne. Ilikuwa ya Kiingereza. Sahihi yake ilikuwa pale chini, nzuri, ya mtu aliyeiandika taratibu. Sahihi ilikuwepo, ridhaa haikuwepo. Tafsirini fomu zenu kwa Kiswahili, kisha msimpe mtu azisome tu, msomeeni.

Na ninyi mnaokaa na tatizo la mgonjwa kifuani kwa sababu mnaogopa jina lenu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Tunawasomea wagonjwa methali hiyo kila siku. Ni yetu pia.

Kuna matatizo mawili ya siku ya upasuaji nitayagusa kwa haraka, moja kwa haraka kuliko lingine.

Taya la juu nyuma, kipandikizi kinaweza kuponyoka kikaingia kwenye sainasi, ule uwazi wa hewa ulio juu ya meno. Usikichokonoe kwa kubahatisha. Piga picha, mweleze mgonjwa, mpeleke kwa anayejua kukitoa.

La pili linaua. Taya la chini upande wa ulimi mfupa una bonde, na drili ikitoboa ukuta ule inaweza kukata mshipa wa damu chini ya ulimi. Wakati mwingine hutaona damu. Utaona sakafu ya mdomo inavimba, ulimi unapanda, unarudi nyuma, mgonjwa anaanza kuongea kama ana kiazi mdomoni. Hapo huna muda. Mkalishe wima. Kidole ndani chini ya ulimi, mkono wa pili nje chini ya taya, bana, usiachie. Mtu mwingine apige simu, siyo wewe. Lengo ni apate njia ya hewa hospitalini. Sasa nawauliza: hospitali yenye uwezo huo iko umbali gani na kliniki yako, saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imesimama? Namba ya gari la wagonjwa iko ukutani au ipo kwenye simu ya mtu aliye likizo? Mkirudi leo, kabla hamjavua viatu, itafuteni.

Baada ya hapo kuna miaka. Kipandikizi kimeshika, jino limekaa, mgonjwa ameshukuru, na sisi tumemsahau.

Alikuja mwalimu wa shule ya msingi, jino lake la kipandikizi lina mwaka na nusu, fizi inatoa usaha. Alikuwa ameshanunua dawa za kuua bakteria duka la dawa mara tatu, zile mbili mnazozijua, usaha unakauka wiki mbili kisha unarudi. Tukafungua fizi. Chini ya ukingo wa kofia kulikuwa na punje ya simenti, ya njano, ukubwa wa chenga ya mchele, imeng'ang'ania shingo ya kipandikizi. Iliachwa siku jino lilipobandikwa. Mwaka na nusu, bakteria wamepata nyumba ya kupanga. Tuliitoa, tukasafisha, usaha haukurudi, lakini mfupa uliokwishaliwa haukurudi wote. Kidonge peke yake hakiwezi kuondoa simenti, wala ukoga uliogandamana. Mimi ninapoweza nafunga jino kwa skrubu. Ikinilazimu simenti, naweka kidogo, ukingo wa kofia siupeleki chini ya fizi zaidi ya milimita moja, na napiga picha kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti.

Picha ile ina kazi ya pili. Itakwambia mfupa ulikuwa wapi siku ya kwanza. Ukiwa huna, mwongozo uliotoka kwenye mkutano wa wataalamu wa fizi wa Chicago wa mwaka 2017 unasema fizi ikitoka damu au usaha, kijishimo kati ya fizi na kipandikizi kikafika milimita 6 au zaidi, na mfupa ukawa umeshuka milimita 3 au zaidi, huo ni ugonjwa uliofika mfupani. Lakini kwa nini usubiri kufika 6? Fizi nyekundu inayotoka damu, mfupa ukiwa haujaguswa, bado inarudi kwa usafi na mafundisho. Mfundisheni mgonjwa kupitisha uzi na kiburashi kidogo, mkononi mwake, mbele ya kioo, yeye afanye ninyi mtazame. Anayetumia mswaki wa mti msimkataze, mwonyesheni pembe ambayo haufiki.

Na kadi. Nawasihi kuhusu kadi. Mzee mmoja alikuja jino linacheza, alipandikizwa nchi ya mbali alikokwenda kwa matibabu mengine. Skrubu tu imelegea, kazi ya dakika kumi. Kipandikizi cha kampuni gani? Hajui. Alikuwa na karatasi? Hakupewa. Tulihangaika wiki tatu kutafuta bisibisi inayoingia kwenye kichwa cha skrubu ile, mzee anatafunia upande mmoja. Mpe mgonjwa kadi: kampuni, kipenyo, urefu, namba ya toleo, tarehe. Mwambie aiweke pamoja na kitambulisho cha NIDA. Siku moja atakaa kwenye kiti cha daktari mwingine, Mwanza au Muscat, na wewe hutakuwepo.

Mama wa vitenge ana kadi. Miezi minane baada ya kosa langu alirudi akasema anataka jino lake. Nilimwambia nitamtafutia daktari mwingine. Akasema, "Wewe ndiye unayejua pale pana nini." Tukapiga eksirei ya pande tatu kwanza. Milimita 8, siyo zaidi. Msaidizi akasema maji yanatoka. Saa mbili usiku nikapiga simu, akapokea kabla haijaita mara ya pili, akasema, "Umeamka, dokta. Nakunywa chai."

Sasa nakichukua kichupa. Nitakipitisha kuanzia safu hii ya mbele. Kila mmoja akishike, akitazame, na mwenye rula apime. Vijana wa mlangoni nanyi kitawafikia. Kikimaliza, naomba kirudishwe hapa mezani, kisha tuanze maswali.